Soko la alfajiri Bangkok: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa kwetu wanaofika Bangkok kwa shughuli zao: wafanyabiashara wa vito wanaofikia Silom, wanunuzi wa nguo wa Pratunam, wanaosindikiza wagonjwa, wanafunzi, na wachache waliokuja kutembea tu. Wengi wana asubuhi moja au mbili zisizo na kazi na wanataka kujua pa kuanzia. Saa zote humu ni za Kiswahili, kwa majira ya Thailand.

## Mambo ya mwanzo

Soko la alfajiri ni soko la namna gani?

Wathai huliita *talat sot*, soko la vitu vibichi. Huuzwa nyama, samaki, mboga, matunda, nazi, mchele na viungo, na pembezoni hukaa wanaouza chakula kilichokwisha kupikwa. Karibu kila mtaa wa Bangkok una soko lake, na wateja ni wenye migahawa, mama lishe na watu wa nyumbani. Mgeni ni mpita njia. Hakuna kilichopangwa kwa ajili yake, na ndiyo maana inafaa kwenda.

Usilichanganye na masoko ya usiku yenye taa za rangi, fulana na nge wa kuchomekwa vijiti. Hayo yana wateja wake.

Kwa nini alfajiri? Nikienda saa nne asubuhi nitakosa nini?

Utakosa soko lenyewe. Magari ya mboga na samaki hushusha mizigo usiku wa manane. Kuanzia saa nane usiku wanunuzi wa kwanza ni wenye migahawa na wachuuzi wanaokwenda kuuza mitaani, maana lazima wakate, wapike na wapange meza kabla watu hawajaenda kazini. Kuanzia saa kumi na moja hufika wa nyumbani. Kunapopambazuka watawa wa Kibuddha hupita wakipokea sadaka ya chakula, kwa hiyo wanaouza wali na mchuzi wa kutoa sadaka wanakuwa wameshapika. Saa tatu jua limekuwa kali, barafu ya samaki imeyeyuka na wauza nyama wanaosha meza.

Kuna sababu nyingine ya wazi: joto. Mwezi wa Aprili Bangkok huvuka nyuzi 35 mchana, na soko hili linategemea barafu na kasi ya mauzo kuliko majokofu. Nyama iliyochinjwa usiku inatakiwa iwe imeondoka mezani mapema.

Niende soko lipi?

Kama una asubuhi moja tu, nenda Khlong Toei. Ni soko la vyakula vibichi kubwa kuliko yote ya ndani ya jiji. Kwa kweli ni masoko kadhaa yaliyoshikana kandokando ya barabara ya Rama IV, si mbali na bandari ya mto. Hapo ndipo utakapoona jinsi Bangkok inavyolishwa: mikokoteni ya barafu, wapagazi wanaopiga kelele ya "njia!", vichwa vya nguruwe, mirundo ya pilipili inayofika kifuani, kambare wanaorukaruka kwenye mabeseni. Sakafu imelowa na harufu ni kali. Wageni wanaosema hawakulipenda nawaelewa, lakini sijaona soko lingine jijini linalokuonyesha kazi yote kwa mara moja.

Or Tor Kor, karibu na soko la Chatuchak, ni kinyume chake. Ni soko la shirika la serikali la kuuza mazao ya wakulima: safi, kavu, lenye nafasi, na bei zake ziko juu. Matunda yake ni ya daraja la kwanza. Anayesafiri na mzazi mzee au watoto wadogo aende huko. Halihitaji kuwahiwa sana, saa moja au saa mbili asubuhi inatosha.

Anayefikia Silom, hasa Mwislamu, aanze na kichochoro cha Silom 20, kinachoitwa pia Soi Pradit. Ni soko dogo la barabarani la asubuhi, na msikiti wa Mirasuddeen umo humo humo. Maelezo zaidi yako kwenye swali la chakula halali.

Pak Khlong Talat, karibu na kituo cha treni cha Sanam Chai, ni soko la maua linalofanya kazi usiku na mchana. Si la chakula hasa, ila ukiwa macho saa tisa usiku, pita uone mirundo ya jasmini na maua ya manjano yanayotungwa kuwa mashada ya mahekalu.

Vipi masoko ya kwenye maji, na lile ambalo treni inapita katikati?

Yale maarufu zaidi yako nje ya Bangkok. Damnoen Saduak, katika mkoa wa Ratchaburi, liko kwenye mfereji uliochimbwa katika miaka ya 1860, enzi ya Mfalme Mongkut. Leo ni soko la watalii. Ukifika kabla ya saa mbili utawakuta akina mama wachache wanauziana kwa mitumbwi, baada ya hapo ni boti za wageni zinazogongana na bei za kubahatisha. Kwa maoni yangu halifai kukugharimu asubuhi yako ya pekee.

Mae Klong, mkoa wa Samut Songkhram, ni soko la kweli ambalo reli imepita ndani yake. Treni zenyewe ni chache kwa siku. Ikikaribia, wauzaji hukunja mahema yao na kuvuta meza nyuma, ikishapita hurudisha kila kitu ndani ya dakika moja. Watu hupiga picha treni na kuondoka, nao wanaacha kitu kilichoufanya mji huo ujulikane kote Thailand: *pla thu*, samaki wa jamii ya vibua. Hupikwa kwa maji ya chumvi na kupangwa ndani ya vikapu vya mianzi, wawili au watatu, shingo zimekunjwa ili waenee. Nunua kikapu kimoja hata kama huna pa kupikia. Huliwa na wali na kachumbari kali ya pilipili.

## Saa na usafiri

Nifike saa ngapi hasa?

Khlong Toei, fika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Utawahi mwisho wa biashara ya jumla, utaona kunavyopambazuka, na utakula wakati chakula bado ni cha moto. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro, katikati ya mwaka, na saa kumi na mbili na dakika 45, mwezi wa Januari. Anayetaka kuona pilikapilika za usiku afike saa tisa, lakini asiende peke yake mara ya kwanza.

Nimeambiwa "ti si". Ni saa nne?

Hapana, ni saa kumi alfajiri. Wathai wa mitaani hugawa siku kwa mafungu. Kuanzia saa saba usiku huhesabu upya kutoka usiku wa manane: *ti nueng* ni saa saba usiku, *ti song* saa nane, na kuendelea hadi *ti ha*, saa kumi na moja. Jioni hesabu yao inalingana na yetu: *thum nueng* ni saa moja usiku, *song thum* saa mbili, hadi saa tano. Ukiagana na dereva, mwonyeshe saa kwenye simu, maana akikutarajia kwa hesabu nyingine utapoteza safari.

Nimetua jana kutoka Nairobi au Dar. Nitaweza kuamka?

Thailand iko mbele yetu kwa saa nne. Saa kumi alfajiri ya Bangkok mwili wako unadhani ni saa sita usiku, kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili ni ngumu. Weka soko siku ya tatu. Au usilale: ndege ikitua usiku sana, oga, nenda sokoni, kula, kisha ulale mchana.

Nitafikaje?

Kwa teksi. Treni za mjini hazifanyi kazi usiku kucha, na za kwanza huanza wakati ambao ungependa uwe umeshafika. Teksi za mita huanza baht 35 kwa gari la kawaida, na alfajiri hakuna foleni, kwa hiyo nauli ni nafuu. Dereva akitaja bei ya mkupuo bila kuwasha mita, shuka, chukua nyingine. Programu za Grab na Bolt zinafanya kazi vizuri na zinaondoa tatizo la lugha.

Kurudi ni rahisi: kituo cha treni cha chini ya ardhi cha Khlong Toei ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Wenye haraka hupanda pikipiki za vijana wenye vizibao vya rangi ya machungwa.

Nivae nini, nibebe nini?

Viatu vinavyofunika vidole na visivyoteleza. Wauzaji wenyewe huvaa mabuti ya mpira, ukiona sakafu utajua kwa nini. Suruali isiburuze. Begi lining'inie mbele. Beba noti ndogo (tazama swali la malipo), kitambaa cha mkono, na pasipoti au picha yake kwenye simu.

## Kula

Asubuhi Wathai wanakula nini sokoni?

Kwanza kuna *jok*, uji mzito wa mchele uliopikwa hadi punje zimepotea. Juu yake hutiwa tangawizi iliyokatwa nyuzinyuzi, majani ya kitunguu na yai linaloivia ndani ya uji. Kwa kawaida una vinofu vya nguruwe, na kwa baadhi ya wapishi upo wa kuku au samaki. Mwenzake ni *khao tom*, ambao punje zake zinaonekana kwenye mchuzi mwepesi.

Pembeni yake kuna *patongko*, unga wa ngano uliokandwa, ukakatwa vipande viwiliviwili vilivyoshikana na kukaangwa hadi uvimbe. Huchovywa kwenye maziwa ya soya ya moto. Waliokwenda shift ya usiku hununua *khao niao mu ping*, wali wa kunata na mishikaki ya nguruwe, wakala wanatembea.

Kitakachokushika moyo mtu wa pwani ni *khanom krok*. Simama mbele ya mpishi wake utazame. Chuma chake kina mashimo ya duara kama cha vitumbua, rojo ni la unga wa mchele na tui la nazi. Ila yeye humimina mara mbili: kwanza rojo jepesi linaloshika ukingo na kuwa gamba la kukauka, kisha tui zito lenye sukari na chumvi kidogo. Huweka juu yake majani ya kitunguu au punje za mahindi, hufunika kwa kifuniko, halafu huchokoa kwa kijiko na kubandika nusu mbili pamoja. Hakuna chachu wala iliki. Ndani hubaki laini karibu ya kumiminika, kwa hiyo ngoja vipoe, vinaunguza ulimi kweli. Mtu mzima aliyelelewa kwa vitumbua hula sahani ya kwanza kimya na kuagiza ya pili.

Kahawa iulizie kwa jina la *kafae boran*. Ni ya kuchujwa kwa mfuko wa kitambaa, hutiwa maziwa ya kopo, na ni tamu mno kwa asiyezoea.

Je, kuna chakula halali?

Kipo, lakini si kila mahali. Waislamu ni takriban asilimia 5 ya watu wa Thailand, wengi wao wako mikoa ya kusini ya Pattani, Yala na Narathiwat. Bangkok nao wapo tangu zamani. Sokoni tafuta mambo mawili: alama ya msambamba yenye neno *halal* kwa Kiarabu, inayotolewa na Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand, na muuzaji aliyevaa hijabu au kofia. Silom 20 na vichochoro vya kuzunguka msikiti wa Haroon, eneo la Bang Rak, ndiko kwa kuanzia. Utakuta *khao mok kai*, ndugu wa biriani ya kuku mwenye wali wa manjano, pamoja na roti na mishikaki ya kuku.

Khlong Toei, chukulia kwamba kila kilichopikwa kina nguruwe mpaka uhakikishe. Mafuta yake huingia hata kwenye mboga za kukaanga, na supu nyingi huanza na mifupa yake. Sema *mai kin mu*, sili nguruwe. Visivyo na nyama kwa kawaida ni khanom krok, maziwa ya soya, matunda, na wali wa kunata wenye tui na embe. Chumvi ya kila kitu ni sosi ya samaki, hiyo haina shida.

Ukiwa Chiang Mai, kaskazini, soko la Ijumaa asubuhi mbele ya msikiti wa Ban Ho ni la Waislamu wenye asili ya Yunnan, China. *Khao soi* yao, tambi kwenye mchuzi wa nazi na bizari, ni halali na tamu.

Pilipili yao ikoje?

Kali, na hutumika kwa wingi. Ile ndogo ni ndugu wa pilipili kichaa. Sema *mai phet*, isiwe kali. Hata hivyo utakuta kidogo, kwa sababu viungo vingi vimeshasagwa pamoja tangu usiku. Kwa anayeipenda, *phet nit noi* ni kiasi.

Tumbo langu litavumilia?

Kwa watu wengi ndiyo. Kula kinachotoka jikoni kikiwa cha moto mbele yako, mahali wenyeji wamepanga foleni. Barafu ya vinywaji yenye umbo la bomba na tundu katikati hutoka kiwandani, haina tatizo. Ile ya kupondwa iliyo chini ya samaki si ya kunywa. Maji kunywa ya chupa. Ninachowazuia wageni siku ya kwanza ni saladi zenye *pla ra*, samaki wa kuchachushwa, na kaa wa chumvi asiyepikwa. Acha tumbo lizoee kwanza.

Nina mzio wa kamba au karanga.

Uwe mwangalifu sana. *Kapi*, dagaa-kamba waliosagwa na kuchachushwa, umo katika sehemu kubwa ya viungo vya mchuzi bila kuonekana. Karanga zimo kwenye saladi ya papai bichi na kwenye michuzi ya mishikaki. Andikiwa kwa Kithai na mtu wa hoteli: *phae kung* kwa mzio wa kamba, *phae thua lisong* kwa karanga. Muuzaji aonyeshwe maandishi, usitegemee matamshi yako.

## Kununua

Bei zinasomwaje?

Kuna kilo, na kuna *khit*, yaani gramu 100. Hapa ndipo wageni wanapokwama. Kibao kimeandikwa 30 kwenye kamba wazuri, unashangilia, kumbe ni 30 kwa khit, baht 300 kwa kilo. Tarakimu zenyewe mara nyingi ni zile tunazozijua. Neno lililo kando yake ndilo la kuulizia. Uliza *lo la thao rai*, kilo ni kiasi gani, kisha mpe kikokotoo cha simu aandike.

Nilipeje?

Taslimu, noti za baht 20, 50 na 100. Noti ya 1,000 kwa muuza mboga saa kumi na moja alfajiri ni usumbufu. Utaona mraba wa kuskani kila meza: huo ni mfumo wa PromptPay, ulioanza 2017, na wenyeji hulipa nao hata kwa fungu la giligilani. Unahitaji akaunti ya benki inayounganishwa nao, kwa hiyo mgeni wa siku chache asiutegemee.

Nipatane bei?

Kwenye chakula, si sana. Bei ya mboga na samaki inajulikana sokoni na faida ni ndogo. Ukichukua kilo mbili tatu unaweza kuomba nyongeza, nawe utatupiwa ndimu au pilipili mkononi bila maneno mengi. Kukazania kupunguziwa baht 5 kwenye mchicha kunaudhi.

Vitu gani nitavitambua, na vipi vitakuwa vigeni?

Utatambua vingi kuliko ulivyodhani. Nazi, ukwaju, mchaichai, fenesi, balungi, topetope, papai bichi, nyanya chungu za duara, kambare, vibua, majani ya mgomba ya kufungia. Mzanzibari atakuta shokishoki na doriani na kujiona nyumbani.

Meza ya nazi nakuomba uipe dakika kumi. Muuzaji huvunja nazi, huikuna kwa mashine, huweka machicha kwenye mfuko na kuyaminya kwa mtambo. Atakuuliza unataka tui gani: la kwanza, zito bila maji, ambalo sisi tungeliita kasimile, au la pili lililoongezwa maji. Mpishi wa Kithai hununua yote mawili kwa mifuko tofauti. La kwanza huchemshwa hadi mafuta yajitenge, ndipo viungo vya mchuzi vikaangwe humo. La pili hufuata kuongeza supu. Kwa mtu anayepika mchuzi wa nazi nyumbani, somo hilo peke yake linatosha safari.

Vigeni vitakuwa *kha*, mzizi wa jamii ya tangawizi wenye harufu ya msonobari, majani ya ndimu yenye mikunjo, mizizi ya giligilani inayouzwa pamoja na majani yake, aina tatu za mrihani ambazo haziwekwi kwenye chungu kimoja, na vilima vya viungo vilivyosagwa, vyekundu, kijani na manjano, vinavyochotwa kwa mwiko na kupimwa kwa khit.

Msimu wa matunda ni lini?

Embe tamu za kuliwa na wali wa kunata hukolea Machi hadi Mei. Doriani ya mikoa ya mashariki, Chanthaburi na Rayong, hujaa kuanzia Aprili au Mei, ya kusini hufuata kuelekea Agosti. Shokishoki na mangostini huja katikati ya mwaka.

Doriani mwachie muuzaji achague. Huigonga kwa kijiti na kusikiliza, kisha hukata kipande kidogo uone nyama. Aina ya Monthong ni nene na harufu yake ni ya wastani, inafaa kwa anayeanza. Ile palepale, maana hoteli nyingi zinakataza isiingie chumbani na hutoza faini.

Naweza kubeba nini nyumbani?

Vikavu: pilipili, ukwaju, chai, kamba wakavu waliofungwa vizuri. Viungo vya mchuzi vifungwe mara tatu na viende kwenye begi la kupakiwa, kwa sababu wakaguzi wa usalama huvihesabu kama kimiminika. Matunda mabichi, mbegu na miche yaache: Kenya na Tanzania zote zinadai kibali cha afya ya mimea, na vitaishia kutupwa uwanjani.

## Adabu

Niwaiteje wauzaji?

Kwa udugu, kama kwetu. Mwanamke wa umri wa mama yako ni *pa*, mwanamume wa umri huo *lung*, aliyekuzidi kidogo *phi*, mdogo wako *nong*. Mwisho wa sentensi mwanamume huongeza *khrap*, mwanamke *kha*. Mgeni mweusi anayesema *pa, thao rai khrap* hupokelewa kwa kicheko cha furaha na mara nyingi kwa kionjo cha bure.

Watanishangaa kwa rangi yangu?

Baadhi watakutazama, hasa Khlong Toei, ambako Waafrika si wengi. Wazee wanaweza kuuliza umetoka wapi na hata kugusa nywele za mtoto wako. Kwa sehemu kubwa ni udadisi. Ukikutana na asiyetaka kukuhudumia, meza ya jirani ipo, peleka pesa zako huko. Polisi huweza kudai kitambulisho kwenye mitaa ya Sukhumvit, ndiyo sababu ya ile picha ya pasipoti.

Picha je?

Nunua kwanza, omba baadaye. Inua simu, tabasamu, sema *thai rup dai mai*. Akitikisa kichwa, basi. Wapagazi wengi ni vibarua wahamiaji, wengi kutoka Myanmar, na wapo wasiotaka sura zao zionekane. Waheshimu. Na usisimame katikati ya njia: mkokoteni wenye kilo mia mbili za kabichi hauna breki.

Nifanye nini watawa wakipita?

Hutoka kunapopambazuka, miguu mitupu, bakuli kifuani. Usiwakatize njia. Mwanamke asiwaguse, wala asiwapokeze kitu mkono kwa mkono. Anayetoa sadaka huvua viatu, huweka chakula ndani ya bakuli, hupiga magoti na kuombewa. Asiye Mbuddha halazimiki kushiriki. Simama kando kwa utulivu, inatosha. Wao hawali chochote baada ya adhuhuri, kwa hiyo kinachotolewa sasa ndicho chakula chao cha siku.

Kwa nini watu wamesimama ghafla?

Ni saa mbili kamili asubuhi na wimbo wa taifa unapigwa, kama unavyopigwa saa kumi na mbili jioni. Simama hadi uishe.

Jambo la karibu na hilo: sarafu ikikudondoka na kubingirika, usiizuie kwa mguu. Ina sura ya mfalme, na kuikanyaga ni kosa kubwa.

## Hali za pekee

Siwezi kuona wanyama wakichinjwa.

Basi Khlong Toei kaa upande wa mboga na matunda. Upande wa pili vyura huchunwa, kambare hupigwa kichwani, kuku wako kwenye vizimba. Au nenda Or Tor Kor.

Kuna siku za kuepuka?

Songkran, mwaka mpya wa Kithai, 13 hadi 15 Aprili: wauzaji wengi wanakuwa wamerudi vijijini. Mwaka mpya wa Kichina meza nyingi hufungwa siku kadhaa. Siku takatifu za Kibuddha, *wan phra*, ambazo hufika nne kwa mwezi mwandamo, meza za nguruwe hupungua na za maua huongezeka. Jumatatu wachuuzi wengi wa kando ya barabara hupumzika, ila masoko makubwa huendelea.

Kuna wakati mmoja wa kuutafuta: sikukuu ya wasiokula nyama, Septemba au Oktoba, ambapo bendera za manjano huning'inizwa na wapishi huacha nyama, mayai na hata vitunguu kwa siku tisa hivi.

Mvua ikinyesha?

Mei hadi Oktoba ni masika yao, lakini mvua nyingi huja alasiri na usiku. Soko halisimami. Maji huingia kwenye vijia vya Khlong Toei, rudi kwenye swali la viatu.

Nina saa chache tu kati ya ndege mbili. Inawezekana?

Inawezekana kama ndege yako inatua Suvarnabhumi kabla ya saa tisa usiku na ya kuondoka ni baada ya saa tano asubuhi. Teksi usiku huchukua kama nusu saa hadi Khlong Toei, kurudi asubuhi hesabu saa moja na nusu kwa sababu ya foleni. Lakini utakuwa umeingia nchini, kwa hiyo hakikisha kabla ya safari kama pasipoti yako inahitaji viza. Jaza mtandaoni kadi ya kuwasili, inayotakiwa tangu 1 Mei 2025, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano: wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo huulizwa, na hukaguliwa kwenye dawati lake kabla ya kufika uhamiaji. Watu huligundua dawati hilo baada ya kupanga foleni ndefu ya uhamiaji, wakarudishwa nyuma. Anza nalo.